Jina la Ukoo Katika Daftari za Sensa



Usharika unaotimiza miaka 100 hurudi kwenye daftari zake na kutafuta majina: nani alibatizwa, nani aliwasimamia, nani alizikwa. Thamani ya majina hayo hudhihirika zaidi kwa kuwatazama watu ambao yao hayakuandikwa, yaani watu wenye asili ya Afrika waliokuwa watumwa nchini Marekani.

Nchi hiyo ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1790, ikitaja jina la mkuu wa kaya tu. Mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Watumwa waliwekwa katika orodha ya pekee: jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Majina yao, isipokuwa mahali pachache mno, hayakuandikwa. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1860, walipohesabiwa watumwa karibu milioni 4. Utumwa ulikomeshwa kwa katiba mwaka 1865, na sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina kama watu wengine.

Mjukuu anayeutafuta ukoo wake huanza na sensa zilizo karibu. Kumbukumbu zenye majina hufunguliwa baada ya miaka 72; zile za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Akirudi nyuma hadi 1890 hukuta pengo, kwa kuwa sehemu kubwa ya karatasi hizo iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921. Huvuka hadi 1880, kisha 1870, na hapo njia huziba.

Hapo ndipo jina la ukoo lililo adimu huwa msaada. Jina lililoenea humpeleka kwa maelfu wasiomhusu. Jina adimu humpeleka kwenye kaya chache. Akimpata mmiliki mwenye jina hilo katika orodha ya 1860, hulinganisha umri na jinsia. Hata hivyo, busara yahitajika. Makarani waliandika walivyosikia, hivyo ukoo mmoja waweza kuonekana kwa tahajia kadhaa. Tena wapo waliochukua jina la mmiliki wa zamani zaidi, na wapo waliojichagulia jina. Kufanana kwa majina hakutoshi, mpaka kuthibitishwe na wosia za wamiliki, kumbukumbu za benki ya walioachwa huru ya miaka 1865 hadi 1874, au daftari za ubatizo.

Katika kitabu cha Hesabu, Musa aliagizwa kuwahesabu wanaume wa Israeli jina kwa jina. Kumhesabu mtu bila kumtaja ni kumhesabu kama mali. Basi karani wa Usharika anayeandika kwa usahihi jina la mtoto, la baba yake na la mama yake, anawawekea njia wajukuu ambao bado hawajazaliwa.

Mungu aubariki Usharika huu.