Uhariri wa Picha kwa Kompyuta na Suala la Uhalisi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wapigapicha, Nkunga, Wilaya ya Rungwe



1. Utangulizi

Mteja anaingia studio akiwa na shati lililopauka, anataka picha ya pasipoti. Baada ya muda mfupi kompyuta imemvalisha koti na tai, imemwondolea chunusi na kumweka mbele ya ukuta mweupe. Wengi wetu tunaishi kwa kazi hii. Hata hivyo, hiyo ni picha ya kitambulisho: ukigusa uso, umemharibia mteja. Hoja yangu ni kwamba uhalisi wa picha hupimwa kwa kile ambacho mtazamaji ameaminishwa kuwa anakiona, wala si kwa programu iliyotumika.

2. Mifano miwili

Februari 1982, jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe kwenye jalada. Lilikosolewa vikali, kwa kuwa wasomaji waliliamini kama shahidi.

Mfano wa pili ni wa nchini mwetu. Mwaka 2013, mpigapicha Mwingereza Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokaushwa na magadi ya Ziwa Natron. Wanaonekana kana kwamba wamegeuka mawe wakiwa hai. Brandt mwenyewe alieleza kwamba aliokota mizoga ufukweni na kuipanga katika mikao ile. Picha zilipoenea, maelezo hayo yakaachwa, na watu wengi duniani wakaamini kuwa ziwa la Tanzania hugeuza wanyama kuwa mawe. Kumbe Natron ndiyo mazalia makuu ya flamingo wadogo katika Afrika Mashariki. Hapo upotoshaji haukuhitaji kompyuta. Ulitosha upungufu wa maelezo.

3. Hali yetu Rungwe

Wageni huambiwa kwamba Ziwa Ngosi lina umbo la ramani ya Afrika. Ukivuta kingo za ziwa kwenye kompyuta mpaka ramani itimie, unamdanganya mtu atakayepanda mlima kwa jasho lake. Lakini ukiwa msituni njiani kwenda Ngosi, jicho huona majani ya kijani kivulini na anga jeupe kwa pamoja, ilhali kamera hushindwa: hunasa kimoja na kukipoteza kingine. Kung'arisha kivuli hicho ni kurudisha kilichoonekana. Kubandika anga la buluu juu ya ukungu wa Rungwe ni kutunga.

4. Mapendekezo

(a) Picha za habari, ushahidi na vitambulisho: rekebisha mwanga na ukate kingo tu, usiongeze wala kuondoa kitu.

(b) Picha za kuuza kitu, kiwe viazi, shamba au nyumba ya wageni: usifiche kasoro ambayo mnunuzi angeiuliza.

(c) Picha za harusi, kumbukumbu na sanaa: hariri kwa ridhaa ya mwenye picha, na ukiulizwa, sema ulichofanya.

(d) Kwa picha zote, tunza faili la awali kama lilivyotoka kwenye kamera. Ndilo litakalokutetea ukibishiwa.

5. Hitimisho

Sasa simu ya kawaida inaweza kutengeneza picha ya tukio ambalo halikutokea. Studio itakayodumu ni ile ambayo neno lake linaaminika. Nawaomba tukubaliane leo juu ya kanuni hizi nne, tuzibandike ukutani katika kila studio, mteja azisome kabla hajakaa mbele ya kamera.