Kusoma Matumizi ya Stima kwenye Pikipiki ya Umeme



Mwendeshaji anayepanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi na abiria nyuma huona asilimia ya betri ikishuka mbele ya macho yake. Jana, kwa asilimia hizo hizo, alizunguka tambarare za Voi bila wasiwasi. Wengi hapo husema betri ni mbovu. Huenda si mbovu.

Asilimia haihesabu kilomita. Inaonyesha tu sehemu ya stima iliyobaki. Kipimo cha kumsaidia mwendeshaji ni wati-saa kwa kila kilomita. Wati-saa 1,000 ni yuniti moja, ile ile ya tokeni za nyumbani. Betri iliyoandikwa volti 72 na ampea-saa 40, ukizidisha, hubeba wati-saa 2,880, karibu yuniti tatu.

Tuseme ameanza na asilimia 90, akaenda kilomita 50, akabaki na 30. Ametumia asilimia 60, yaani wati-saa 1,728. Akigawa kwa 50 anapata karibu 35 kwa kilomita.

Sasa mlima. Pikipiki, mwendeshaji na abiria wakiwa kilo 250, kila mita 100 za kwenda juu hula wati-saa zipatazo 70, bila kuhesabu zinazopotea kwenye mota. Hizo ni kama kilomita mbili za tambarare. Mteremko haurudishi zote, hata kwa pikipiki ambayo mota yake huchaji betri inaposhuka. Kasi nayo inakula: kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nguvu ya upepo unaomkinza huzidi mara mbili.

Tena, dashibodi nyingine hukadiria asilimia kwa kupima volti. Mota ikivuta sana volti hushuka, kisha hupanda pikipiki ikipumzika. Basi asilimia isomwe pikipiki ikiwa imesimama dakika chache.

Palipo na betri za kubadilishana, jambo hili linagusa mfuko. Betri iliyochakaa ni kama debe lililobonyea: limejaa, lakini maji ni machache. Dashibodi itasema 100, na pale ambapo bei ni moja kwa kila betri, mwendeshaji atalipa sawa na aliyepewa mpya, kisha akwame njiani usiku na abiria wa watu.

Dawa yake ni daftari: namba ya betri, njia, kilomita, asilimia ya mwanzo na ya mwisho. Ikiwa njia ni ile ile na mzigo ule ule, na betri moja tu ndiyo inayotoa hesabu ya juu, aipeleke kituoni pamoja na hayo maandishi. Ni vigumu kuyapuuza kuliko malalamiko ya mdomo. Zikipanda hesabu za betri zote, aanze na upepo wa tairi, halafu ainue gurudumu na kulizungusha kwa mkono, aone kama breki zinalishika.