Magazini na Njia ya Risasi: Bunduki za Wenzo na Vita vya Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katumba Songwe ya leo inajulikana kwa mpunga, kokoa na malori yanayosubiri zamu ya kuvuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Ng'ambo ya Mto Songwe, kule Karonga, mwaka 1887 vilizuka vita kati ya Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kampuni ya Kiskoti ya African Lakes. Wangonde walikumbwa katikati, na baadhi yao wakavuka Songwe kukimbilia kwa Wanyakyusa. Vita vya enzi ile huhadithiwa kama shindano la mitambo: mwenye bunduki ya kupiga mfululizo kamshinda mwenye gobole, basi. Nadhani hesabu hiyo inaanzia mwisho wa mambo. Bunduki ilikuwa na nguvu kadiri ya njia iliyoiletea risasi, na magazini, yaani hifadhi ya risasi ndani ya bunduki, iwe kubwa vipi, ni kituo cha mwisho tu cha njia hiyo.

Tuutazame mtambo wenyewe. Bunduki ya wenzo ina mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio. Ukiusukuma chini, ganda lililokwisha kupigwa linaruka nje. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia chemba. Henry ya 1860 ilibeba risasi 16, na Winchester ya 1873 yenye mtutu mrefu ikabeba 15, zote zimelala ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Wingi huo una gharama. Ncha inabidi iwe bapa, isije ikagonga fataki ya jirani na kulipua bomba lote. Na mtambo wa 1873 haukuweza kustahimili risasi ndefu yenye baruti nyingi. Ndiyo maana John Browning, alipobuni Winchester ya 1895 kwa ajili ya risasi nzito, aliacha bomba akaweka kisanduku cha risasi 4. Aina hiyo, ya kaliba .405, ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, akaisifu mno kwa simba. Kutoka 15 hadi 4, wala hakujiona amepunjwa.

Sasa tupime mzigo. Henry Morton Stanley alipoondoka Unguja Februari 1887 kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, shehena yake ilikuwa na Remington 510 za risasi moja moja, na Winchester 50 zenye risasi 50,000. Zigawe, utapata 1,000 kwa kila Winchester. Risasi ya .44-40 ina takriban gramu 20. Kwa kipimo hicho ni tani moja, yaani vichwa 37 vya wapagazi kwa mzigo wa kilo 27, kabla ya kuhesabu makasha, na kabla mpagazi hajala. Bunduki 50 zenye magazini ya 15 zikijazwa na kupigwa mara 66, tani imekwisha. Kasi iliyosifiwa madukani huko Ulaya na Marekani ilikuwa pia kasi ya kufilisika porini.

Gobole, kwa upande wake, lilikuwa na tumbo la mbuzi: likikosa risasi humeza kipande cha chuma au kokoto, mradi baruti ipo. Watu wa Mlozi walijificha nyuma ya maboma ya miti iliyokandikwa udongo, na Juni 1888 Frederick Lugard, aliyeongoza upande wa kampuni, alijeruhiwa vibaya alipolishambulia boma la Kopakopa, mshirika wa Mlozi. Hata mzinga mdogo ulioletwa 1889 ulitoboa miti bila kuiangusha. Kampuni ilitegemea mito ya Zambezi na Shire, na mlangoni walikaa Wareno. Mlozi alitegemea misafara ya pwani. Mabalozi wa Ulaya walilielewa jambo hili la njia kuliko wasimulizi wa vita. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaruhusu gumegume na baruti ya kawaida. Magazini ina risasi ngapi, hilo halikuwashughulisha. Mlozi mwenyewe alinyongwa Desemba 1895, miaka mitano baada ya mkataba huo.

Mtu atanipinga kwa mfano wa Plevna, mji wa Bulgaria. Mwaka 1877 Waturuki, kwa Winchester zao, waliwafyeka Warusi waliokuwa wengi kuliko wao. Ni kweli, na sidai kwamba kasi haina maana. Lakini waliokuwa mahandakini walikuwa na makasha ya risasi kando yao, na mji huo ulianguka Desemba baada ya njia zake kufungwa. Mfano wa karibu zaidi ni jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck. Novemba 1917 liliteka ngome ya Wareno Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, likachukua bunduki za Kireno, kwa kuwa risasi za Kijerumani zilikuwa zimekauka na za Kireno zilikuwa pale pale. Mwaka mmoja baadaye jeshi hilo liliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, magharibi ya Katumba Songwe. Bunduki walizokabidhi, zaidi ya 1,000, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.