Walinzi Wadogo wa Kongosho



Wako watu wengi wanaodhani kwamba kisukari ni maradhi ya matajiri na wanene. Kwa hiyo mkulima mwembamba wa Lumino akizidi kukonda, akashikwa na kiu isiyokatika na kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, aghalabu jamaa zake huitafuta sababu kwa jirani kabla ya kuitafuta zahanati.

Lakini watafiti wa Uganda wamewaona watu wazima wengi wenye kisukari ambao si wanene hata kidogo; ila yao ni kwamba kongosho hutoa insulini haba. Nalo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mkutano wake wa Bangkok mwezi wa Aprili 2025, lilikitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa aina ya 5.

Insulini hutengenezwa na seli zilizokusanyika katika vijisiwa ndani ya kongosho, alivyovieleza mwanafunzi Mjerumani, Paul Langerhans, mwaka 1869. Seli hizo zikifa, ni shida kubwa kuzirudisha. Ndiyo maana wataalamu wanauliza: ni nini kizilindacho?

Sehemu ya jawabu imetoka kwa mnyoo wa urefu wa milimita moja tu. Katika mnyoo huyo Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walivumbua, mwaka 1993, jambo lililowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Jeni ni mfano wa daftari la kadhi, ambalo halitoki ofisini. Zitokazo ni nakala zake, ziitwazo RNA, na seli huzisoma ili kutengeneza protini. Walilogundua mabwana hao ni vipande vifupi mno vya RNA, viitwavyo maikro-RNA, ambavyo hujibandika juu ya nakala zikashindwa kusomeka.

Kimoja, chenye namba 375, kilionekana mwaka 2004 kwa wingi katika seli za insulini. Kikizidi, huzuia insulini isitoke. Na panya walionyimwa kabisa kipande hicho, katika majaribio ya mwaka 2009, walipungukiwa na seli zenyewe wakapata kisukari. Kwa hiyo si dawa ya kumiminwa ovyo, bali ni mambo ya kiasi, na kazi bado imo katika maabara. Anayeuza sokoni chupa ya kufufua kongosho anauza maji.

Tangu mwaka 1922, alipodungwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, insulini ndiyo iwahuishayo wale ambao seli zao zimekufa. Mwenye kujidunga akitaka kufunga Ramadhani, na aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Sheria imekwisha mpa mgonjwa ruhusa ya kula. Na asiye na jokofu huweza kuihifadhi chupa yake ndani ya chungu cha udongo kilichoroweshwa maji, kivulini.