Mgonjwa wa Akili Naye Apimwe Damu

Msikilizaji, hapa mtaani Migosi, Kisumu, na kandokando yote ya ziwa, mtu akianza ghafla kupayuka na kuzungumza na wasioonekana, jirani husema amerukwa na akili kabla hajafikiria malaria. Na sisi ndio tunaoishi na malaria mwaka mzima! Ikipanda kichwani, humvuruga mtu ndani ya muda mfupi tu, na huweza kuua. Kabla ya kumfunga kamba, kabla ya kumpeleka kwa waombezi, damu yake ipimwe.

Linaloniuma zaidi ni yule ambaye ugonjwa wake wa akili tayari unajulikana. Ana kadi ya kliniki, anameza dawa. Siku akisema kifua kinambana, nyumbani anaambiwa, "Umeanza tena." Akifika hospitalini, faili hufunguliwa, jina la ugonjwa wa akili husomwa, na maumivu yake huandikwa kuwa sehemu ya ugonjwa ule ule. Kifua kikuu hakimwogopi mtu kwa sababu ana skizofrenia. Ukimwi haumruki. Sukari nayo huongezewa njia na baadhi ya dawa zenyewe: olanzapini hutuliza akili, lakini huamsha njaa, huongeza uzito na kupandisha sukari. Dawa hiyo inafaa, na mgonjwa asiiache kiholela; ila anayeiandika ana deni la kumpima.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Hapo hakuna mapepo wala laana. Ni mashine ya presha ambayo haikufungwa mkononi.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa wajibu katika huduma hii. Basi wodi ya akili Kisumu isiwe mahali ambapo muuguzi hana kipimo cha sukari, wala zahanati ya mtaani isimrudishe mtu mlangoni kwa sababu ya kadi anayoibeba.

Nawe uliye na ndugu kliniki, siku ya miadi usitosheke na dawa peke yake. Omba apimwe presha, sukari na uzito, na akikwambia anaumwa, mwamini.