Ushirika wa Nchi Jirani katika Mafunzo ya Ufundi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kizwite)



Neno nililotakiwa kunena ni ushirika wa nchi zetu katika kuwafundisha vijana sayansi, hesabu na ufundi, na kuwapatia kazi baada ya kufundishwa. Nitaanza nyumbani.

Sisi twakaa katika nchi ya wafua chuma. Hata leo yaonekana Ufipa mabaki ya malungu, yaani matanuri ya udongo yenye kimo cha kama mita 3. Ilungu halikuhitaji mivukuto: hewa ilijivuta yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda kati ya makaa na mtapo. Walakini chuma kilichotoka humo kilikuwa na takataka nyingi, hakikufaa jembe wala shoka. Kilipelekwa kwanza katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, lenye mivukuto, kikasafishwa, ndipo kikamfikia mhunzi. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wazee wetu walijua kwamba ilungu peke yake, hata likiwa refu namna gani, halitoi jembe.

Sasa tutazame Afrika ya Mashariki. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na mitambo. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza. Kazi ziligawanywa: uhandisi ukawa Nairobi, udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam. Kwa hesabu ya fedha mpango ule ulikuwa mwema, maana nchi tatu maskini hazina haja ya kununua mashine zile zile mara tatu. Lakini mwaka ule ule wa 1963 Dar es Salaam ilifungua shule yake ya udaktari; mwaka 1970 ushirika ukavunjika; na mwaka 1973 Dar es Salaam ikaanza kitivo chake cha uhandisi. Wako wasemao kwamba viongozi walikosa subira. Mimi siwalaumu. Kila serikali ilikuwa na madaraja ya kujenga na wagonjwa wa kutibiwa, na haikuweza kungojea mlangoni pa jirani ipimiwe wataalamu.

Katika mwaka 2018 uliidhinishwa mpango mwingine, kwa fedha za Benki ya Dunia, wenye vituo 16 vya ufundi katika Kenya, Ethiopia na Tanzania. Kwetu vilichaguliwa vinne: viwili vya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, kimoja pale jijini na cha pili Mwanza kwa kazi ya ngozi, Chuo cha Usafirishaji kwa mambo ya ndege, na Chuo cha Ufundi Arusha kwa umeme wa maji, huko Kikuletwa. Upande wetu wa kusini-magharibi hakuna hata kimoja. Sisemi hivi kwa wivu. Tunacho chuo cha VETA cha mkoa, na Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. Malungu tunayo, Mabwana. Kintengwe ndicho kilichopungua.

Niruhusuni niungame jambo. Katika ofisi moja niliyotumikia, kazi yangu ilikuwa kujibu barua za wanafunzi waombao nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nilijibu nyingi kwa maneno mamoja, “Tunasikitika, hakuna nafasi,” nikapiga mhuri. Nyuma ya ukuta wangu palikuwa na jenereta mbovu na pampu mbili za maji zilizolala mwaka mzima zikingojea fundi. Sikwenda hata kumwuliza mtunza ghala. Kijana mmoja alileta barua yake mwenyewe kwa miguu, akangoja jibu barazani, akaondoka nalo.

Basi, ombi langu ni dogo. Mbala, ng’ambo ya mpaka wa Kasesya, ni karibu nasi kuliko Mbeya. Mpulungu na Kasanga hutumia ziwa moja, na injini ya mashua huharibika kwa namna ile ile pande zote mbili. Chama chetu kimwandikie Mkuu wa Mkoa, tukimwomba azungumze na wenzake wa Zambia, ili vijana wachache wabadilishane karakana kwa miezi miwili. Mtauliza, nani atawalisha, na hati za kuvukia nani atalipa? Ni swali la haki, nami sina jibu lake usiku huu. Lakini hatuwezi kwenda kwa jirani na mikono mitupu, hali hatujui tulicho nacho.

Nimeweka daftari mezani kwa Katibu. Kabla hamjaondoka, kila mmoja aandike mashine zilizoko ofisini mwake, nzima na mbovu, pamoja na cheo cha fundi awezaye kukaa na mwanafunzi. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi: jenereta moja, pampu mbili.