Saa ya Kuogelea, Saa ya Runinga

Msikilizaji, katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, fainali za kuogelea zilifanyika asubuhi, ilhali kwa kawaida huwa jioni. Saa nne asubuhi ya Beijing ni saa nne usiku New York, familia zikiwa sebuleni na matangazo ya biashara yakiuzwa ghali. Mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps alikuwa akiwania dhahabu nane, na runinga ya NBC ya Marekani ilikuwa imelipa takriban dola milioni 894 kuionyesha Olimpiki hiyo. Waogeleaji wa dunia nzima wakalazimika kuizoesha miili yao kasi ya asubuhi. Tokyo, mwaka 2021, yakawa yale yale. Mwenye pesa si mwenzio! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipaswa kuwasikiliza wanamichezo kwanza, kisha mlipaji.